Kisu Kisichokuwapo

Siku aliyoibiwa simu yake pale ufukweni Mama Ngina, Tahseen hakuwa na nia ya kumtafutia mtu kifo. Alikuwa mjane aliyekwisha kupita miaka hamsini, muuza leso wa Barabara ya Biashara, mtu wa salamu ndefu na bei za kupunguzika. Mumewe, Abdulgani, alifariki mwaka uliotangulia baada ya kulazwa hospitalini kwa muda mrefu, na tangu hapo Tahseen alikuwa na mazoea ambayo hakumweleza mtu. Kila Jumapili jioni, mdogo wake Waseem alipompeleka pwani kupunga upepo, alijitenga kidogo, akaketi ukutani akiwapa watu mgongo, akaweka simu sikioni kama anayezungumza. Hakuwa akizungumza. Alikuwa akimsikiliza Abdulgani.

Zilikuwa sauti fupi fupi alizomtumia kutoka kitandani mwake. Hazikuwa na jambo kubwa. Katika moja alisema, "Tahseen, ukija niletee ndimu, chakula cha huku hakina ladha hata kidogo." Katika nyingine alikohoa, akacheka, akasema amesahau alichotaka kusema. Tahseen hakuwa amezihifadhi pengine popote. Hakujua hata kama jambo hilo lawezekana.

Jumapili hiyo Waseem alikuwa amekwenda kununua mihogo ya kukaanga, na yeye Tahseen alikuwa akisikiliza ile sauti ya kucheka. Ghafla kijana mmoja akapita mbio nyuma yake, mkono ukafyatuka, simu ikaondoka. Hakusukumwa. Hakukwaruzwa. Sikio lilibaki wazi tu, na alipogeuka aliona mgongo wa fulana ya kijani ukipenya katikati ya watu.

"Mwizi! Mwizi huyo!" akapiga ukelele.

Neno hilo pale Mama Ngina halihitaji kurudiwa. Watu waliacha viazi na madafu yao wakamkimbilia, na kabla hajafika mbali walikuwa wamemwangusha. Walimpiga kwa viatu, kwa ngumi, kwa chochote kilichokuwa mkononi. Simu ilimtoka, ikakanyagwa na wale wale waliokuwa wakiipigania. Polisi wawili waliokuwa doria walipofika kumwokoa, kijana alikuwa akivuja damu sikioni, na simu ya Tahseen ilikuwa vipande vipande.

Kituoni, afisa aliyeandika taarifa yake alikuwa mtu mpole mwenye macho mazito ya uchovu. Aliviweka vile vipande mezani mbele yake.

"Pole sana mama. Sasa nambie, alikuwa na silaha?"

Tahseen alinyoosha mkono akakigusa kipande kimoja.

"Nakuuliza kwa sababu," afisa akaendelea, akiteremsha sauti, "ukiniambia alinyakua akakimbia, huo ni wizi tu. Kesho kutwa atapewa dhamana. Utakutana naye sokoni, akucheke."

Tahseen akavitazama vile vipande vya kioo. Akafikiri kwamba hatamsikia tena Abdulgani akicheka, si Jumapili ijayo, si siku yoyote mpaka na yeye azikwe.

"Alikuwa na kisu," alisema.

"Alikutishia nacho?"

"Alinionyesha. Alisema nikipiga kelele atanichoma."

"Na kiko wapi hicho kisu?"

"Labda alikitupa baharini."

Afisa akaandika. Tahseen akatia sahihi. Waseem, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mihogo iliyokwisha kupoa, alisikia yote. Walipokuwa wakirudi nyumbani Mji wa Kale alisema, "Sikusikia ukitaja kisu kule pwani." Tahseen akageuzia uso dirishani. Waseem akaendesha gari kitambo, kisha akasema, "Umefanya vizuri. Hawa wezi wametuchosha."

Basi mambo yakatulia, au yalionekana kutulia. Kijana, ambaye jina lake lilikuwa Jared, alipelekwa rumande. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Tahseen hakuitwa. Alinunua simu mpya, akauza leso zake, Ramadhani ikaja ikapita. Uongo wake ulikaa ndani yake kama mwiba mdogo wa samaki: ukila kwa uangalifu unaweza hata kusahau kwamba upo.

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya Idi, mwanamke mmoja aliingia dukani. Alikuwa mtu wa bara, mnene kidogo, amejifunga kitenge juu ya gauni, na mikono yake ilikuwa na alama ndogo ndogo za mafuta ya moto. Tahseen alimkaribisha kama alivyomkaribisha kila mteja, akaanza kumfunulia leso mpya.

"Sikuja kununua, mama," mwanamke alisema. "Naitwa Truphosa. Napika chapati pale Buxton, karibu na chuo. Mimi ndiye mama yake Jared."

Leso ilibaki imening'inia mkononi mwa Tahseen. Akangojea matusi. Akangojea kilio. Truphosa hakuleta lolote kati ya hayo. Aliketi tu kwenye kigoda cha wateja na kuuweka mkoba wake magotini.

"Sikuja kukuomba umsamehe," alisema. "Mwanangu ni mwizi. Najua. Alianza baada ya kazi za kibarua bandarini kukatika, na mimi nikajifanya sioni, kwa sababu alikuwa akileta unga. Kwa hilo Mungu ataniuliza mimi. Nimekuja kwa jambo moja. Nataka kujua kile kisu kilikuwa cha namna gani."

"Cha namna gani?" Tahseen alirudia.

"Ndiyo. Nyumbani mwangu mna kisu kimoja cha jikoni, na kipo, nakikatia vitunguu kila siku. Nimewauliza rafiki zake wote. Nimemwuliza mwenyewe kule rumande, amelia, amesema hakuwa na kisu. Lakini mwizi hasemi kweli, na wewe ni mtu mzima, mtu wa dini, huwezi kumsingizia mtoto wa watu. Kwa hiyo nataka kujua. Kilikuwa kirefu? Kilikuwa na mpini wa mbao? Nikijua, nitajua mwanangu amekuwa mtu gani, na nitaacha kujidanganya."

Tahseen alifungua mdomo. Angeweza kumaliza mambo pale pale. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Sikukiona vizuri. Kulikuwa na kiza."

"Walisema ilikuwa kabla ya magharibi."

"Niliogopa. Mtu akiogopa haoni."

Truphosa alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha akashukuru, akainuka. Mlangoni aligeuka akasema, "Wanasema ni wizi wa mabavu. Sikujua kwamba kuna wizi wa namna nyingi." Akaenda zake.

Tahseen hakuuza kitu siku hiyo. Mteja alimwomba amsomee jina la leso akasoma la leso nyingine. Alipoombwa leso ya rangi ya zambarau akatoa nyekundu. Adhuhuri alisimama kuswali na rakaa zikampotea. *Huwezi kumsingizia mtoto wa watu.* Yule mwanamke alikuwa amemwamini yeye, Tahseen, kuliko alivyomwamini mwanawe wa kumzaa.

Ghorofani, juu ya duka jirani, kulikuwa na ofisi ya wakili kijana aitwaye Mwende, ambaye kila alipokwenda kwao Machakos alimnunulia mamake leso kwa Tahseen. Kesho yake Tahseen alipanda ngazi. Alisema anamwulizia mtu fulani, jamaa wa mbali.

"Mtu huyo anataka kujua nini, Mama Tahseen?"

"Wizi wa mabavu ni nini?"

Mwende akasukuma faili zake kando. "Sheria haiyaweki makosa yote kapu moja. Kuna madogo, ambayo mtu hutozwa faini au akafungwa muda mfupi. Kuna makubwa. Na hata wizi wenyewe una daraja zake. Mtu akichukua kitu chako akaenda zake, huo ni wizi wa kawaida, kifungo hadi miaka mitatu. Akikinyakua mwilini mwako, mkononi tuseme, kifungo chaweza kupanda hadi kumi na minne, ingawa mahakimu hawafiki huko kwa mtu wa kosa la kwanza. Lakini akiwa ameshika silaha, au wakiwa wawili au zaidi, au akikujeruhi, hapo ndipo unapokuja wizi wa mabavu."

"Na huo ni miaka mingapi?"

"Hauna miaka."

Tahseen hakuelewa. "Yaani anaachiliwa?"

"Hauna miaka, mama. Adhabu yake iliyoandikwa ni kifo."

Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi mfululizo. Tahseen alishika ukingo wa meza.

"Siku hizi hakuna anayenyongwa," Mwende alisema, akiuona uso wake ulivyobadilika. "Haijatokea tangu sijazaliwa. Lakini hukumu hutolewa. Mtu hukaa gerezani nayo, mwaka baada ya mwaka, akingoja aachiwe au azeeke."

"Kwa simu? Kwa simu moja?"

"Si kwa simu. Kwa silaha. Thamani ya kitu haitazamwi sana. Neno moja tu katika taarifa laweza kulitoa kosa daraja moja na kulipeleka jingine."

Tahseen akauliza kwa sauti ndogo, "Na ikiwa neno hilo ni la uongo?"

Mwende aliinuka akafunga mlango. "Kumpa polisi habari za uongo ni kosa, na mtu anaweza kufungwa kwalo. Lakini kuurudia uongo huo mahakamani, baada ya kula kiapo, ni kosa kubwa zaidi. Kifungo chake hufika miaka saba. Huyo jamaa yako wa mbali, ameshaapa?"

"Bado."

"Basi aende akaseme kweli kabla hajaapa."

Hati ya kumwita mahakamani ilikuja wiki iliyofuata. Waseem aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati kana kwamba ni mali yake. Walikuwa sebuleni kwa Tahseen. Waseem, ambaye mwenyewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akinywa chai. Tahseen alimwambia anakwenda kwa kiongozi wa mashtaka kuyafuta maneno yake.

Waseem aliweka kikombe chini. "Dada, una wazimu?"

"Hakuwa na kisu, Waseem."

"Mimi nilivunjiwa duka mara mbili. Nani alinililia? Nani alikwenda kutetea riziki ya watoto wangu? Ukigeuza maneno sasa, yeye atatoka, utaingia wewe. Hiyo ndiyo haki?"

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Tangu siku ile garini. Ulijua hakukuwa na kisu."

Waseem aliangalia pembeni, kwenye picha ya Abdulgani ukutani. "Nilijua dada yangu amelia," alisema. "Sikutaka kujua zaidi." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ulimtisha Tahseen kuliko ukali, "Nyamaza tu. Kule huulizwi mengi. Sema ulichoandikisha, uteremke kizimbani. Mambo mengine mwachie hakimu."

Ndivyo alivyoshindwa. Hakwenda kwa kiongozi wa mashtaka. Kila siku alijiambia atakwenda kesho, na kila kesho alipata sababu: mzigo wa leso umefika, mguu wamuuma, pengine kijana atakiri mwenyewe yaishe. Alijiona jinsi alivyo mwoga na bado hakunyanyuka. Mpaka siku ya kesi ikafika naye hajasema lolote.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na chenye joto. Truphosa alikuwa ameketi benchi la nyuma na gauni la kanisani. Walipomwingiza Jared, Tahseen hakumtambua. Aliyemkumbuka alikuwa mgongo, fulana ya kijani. Huyu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekonda hata shingo inaonekana ndefu, na kila mtu aliposema alipindisha kichwa upande mmoja. Sikio la kushoto halikuwa likisikia tena. Lilikufa siku ile, chini ya viatu.

Tahseen aliitwa. Aliushika Msahafu, akaapa. Kiongozi wa mashtaka, mwanamke aliyekuwa na haraka ya kesi nyingine, alimpitisha katika mambo mepesi: jina, kazi, mahali, saa.

"Na huyu mshtakiwa alikuja akafanya nini?"

"Alinyakua simu yangu."

"Alikuwa na nini mkononi?"

Jared alipindisha kichwa ili alisikie jibu. Hakuwa akimtazama kwa chuki. Alikuwa akitega sikio lake moja tu, kwa bidii, kama mwanafunzi aliyekaa nyuma ya darasa, na bidii hiyo ndiyo iliyomvunja Tahseen.

"Hakuwa na kitu," alisema.

Kiongozi wa mashtaka akapekua karatasi. "Mama, pengine hukunielewa. Katika taarifa yako umesema alikuwa na kisu."

"Nilisema. Nilisema uongo. Hakuwa na kisu, na hakunitishia. Hakunena neno. Alichukua simu akakimbia, basi."

Mnong'ono ulipita chumbani. Hakimu alivua miwani. "Nani alikuambia ubadilishe ushahidi wako?"

"Hakuna, mheshimiwa. Walioniambia kitu waliniambia ninyamaze."

"Na kwa nini ulisema uongo?"

Tahseen alikuwa amejiandalia maneno mengi nyumbani: ujane, hasira, sauti ya Abdulgani iliyopotea. Yalimjia yote, na yote yakamwonekea kuwa ni kujitetea. "Niliogopa atatoka," alisema. "Nilitaka asitoke."

"Unajua ulikuwa umempeleka wapi?"

"Siku ile sikujua. Nimejua siku nyingi sasa, na bado nilinyamaza mpaka leo. Hilo la pili ni baya zaidi."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alisema polisi watachunguza suala la taarifa ya uongo, akamwambia ateremke. Alipopita karibu na benchi la nyuma, Truphosa alikuwa ameufunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakimtikisika. Tahseen alisimama hapo asijue kama anaruhusiwa kumgusa. Hakumgusa.

Shtaka lilibadilishwa kuwa la wizi kutoka mwilini mwa mtu. Jared alikiri siku hiyo hiyo liliposomwa upya. Alihukumiwa miaka miwili, na muda aliokaa rumande ukahesabiwa ndani yake. Kwa waliokuwa wamekuja kumsikia akihukumiwa kifo, hiyo ilikuwa kama arusi. Watu wa kanisa la Truphosa waliimba nje ya lango la mahakama.

Kwa upande wake Tahseen aliitwa kituoni, akaandikisha taarifa mpya mbele ya afisa mwingine. Alifunga mkoba mdogo wa nguo kwa kudhani hatarudi nyumbani. Alirudi. Wakamwambia watamwita. Hawakumwita. Baada ya muda alikwenda mwenyewe kuuliza, na yule wa kaunta akacheka bila ubaya. "Nenda ukapumzike, mama. Faili yako ipo. Tukikuhitaji tutakuita."

Waseem alifurahi, akaleta boksi la haluwa. Tahseen hakuila. Alikuwa amejifunza kwa Mwende kwamba kila kosa lina kipimo chake, na la kwake pia lilikuwa nacho. Lakini hakuna aliyekuja kumpimia. Mfungwa huhesabu mwezi, akajua umebaki mwingine. Yeye hakuwa na cha kuhesabu.

Siku moja alikwenda Buxton. Truphosa alikuwa akisukuma chapati mbele ya foleni ya wanafunzi. Alimwona, akaendelea kusukuma mpaka foleni ilipokwisha.

"Nimekuja kukuomba radhi," Tahseen alisema. "Si kwa uongo wa kituoni tu. Dukani pia. Uliniuliza ukiniamini, nami nikakudanganya usoni."

"Hilo la dukani ndilo lililoniuma," Truphosa alisema. Alipangusa mikono. "Nilirudi nyumbani nikamwandikia mwanangu kwamba simtaki tena. Kwa sababu yako. Alikaa huko ndani mpaka siku ya kesi akijua kwamba hata mamake amemwamini muuza leso."

Truphosa hakungoja jibu. Alifunika unga kwa kitambaa, akasema, "Jumamosi nakwenda kumwona. Ukitaka, njoo. Kama atakubali kukuona ni juu yake, mimi sitamshurutisha."

Jumamosi walikwenda pamoja, wakangoja kwenye benchi na wake na mama wengine, hawakuongea mengi. Jared alikuja. Aliposikia ni nani aliyekuja na mamake alisita, askari akamwuliza kama anarudi, akasema hapana. Alisimama upande wa pili wa wavu akampindishia Tahseen sikio zima.

"Simu ilipona?" aliuliza.

"Hapana. Na ilikuwa na sauti za marehemu mume wangu."

"Sikujua. Mtu akinyakua hajui kilicho ndani."

"Wala mimi sikujua neno langu lina nini ndani," Tahseen alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Jared alifikiri. Kijana mwingine angesema ndiyo ili yaishe, au angetema mate. Yeye alitikisa kichwa polepole. "Bado," alisema. "Siwezi kukudanganya. Usiku nikilalia sikio hili zima sisikii kitu kabisa, na hapo ndipo ninapokuchukia. Mchana si sana."

"Ni haki yako."

"Lakini ukija na mama, sitakataa kukuona."

Kisha akamgeukia mamake, akamwuliza kama nyumba imeacha kuvuja na kama yule jirani bado anakopa chapati bila kulipa. Truphosa akaanza kumsimulia, akicheka na kufuta macho, na Tahseen akarudi nyuma hatua kidogo ili asiwazibie nafasi, akasimama hapo mpaka muda wao ulipokwisha.